Samaki wa Upande wa Kushoto

Wewe uliyecheka wiki iliyopita pale kwenye mafunzo, nilikuona. Ulikaa safu ya nyuma, shati la bluu, ukamnong'oneza mwenzako kwamba bibi huyu anachezesha vidole utadhani anabembeleza mtoto. Sikukujibu, kwa sababu walimu wenu walikuwa wameniita kama mgeni, na mgeni hagombi ugenini. Lakini nilirudi nyumbani kwangu Muheza na hasira zangu, nikatafuta daftari, na leo naandika. Mtasoma wote, na wewe utasoma mara mbili.

Naitwa Mama Skola. Nimekuwa muuguzi wa macho tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zenyewe, si za kupakwa, mpaka juzi juzi hapa nilipostaafu. Nimepima wavuvi, wakata mkonge, madereva wa malori ya Horohoro, walimu wa madrasa na mapadri. Ungedhani watu wangenikumbuka kwa miwani niliyowapa. Wapi! Wananiita Mama Vidole. Jina hilo limetokana na kosa langu mwenyewe, na kosa lenyewe nusura livunje nyumba ya watu huko Kigombe. Nataka mlijue kabla hamjamgusa mgonjwa hata mmoja.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Agnesi, Mshambaa wa milimani Lushoto, Mlutheri wa kwelikweli, mwanamke mfupi ambaye daktari mkuu mwenyewe alikuwa akimwogopa. Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Skola, mtu huona kwa nini?"

Nikajibu kwa fahari, "Kwa macho, Sista."

Akanipiga kikofi cha kisogoni, pap! "Mtu huona kwa kisogo. Macho yanaokota tu."

Nilidhani ananitania. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anasema kweli tupu. Jicho linaokota mwanga, halijui limeokota nini. Linazituma habari kwa mshipa mnene mpaka nyuma kabisa ya ubongo, hapo kisogoni mnapowekea mto, na huko ndiko kazi inakoanza. Kuna chembe za ubongo zinazoamka zikiletewa mstari uliosimama, na nyingine haziamki mpaka mstari ulale. Nyingine zinangoja kitu kinachosogea. Kutoka hapo habari zinashika njia mbili. Njia ya chini, inayopita kuelekea masikioni, inauliza: hiki ni nini? Njia ya juu, inayopanda kuelekea utosini, inauliza: kiko wapi? Majibu ya njia zote mbili yakikutana ndipo unaposema, "Aa, kumbe ni shangazi, anakuja na kikapu."

Mengi ya haya waliosomea ubongo waliyajua kwa kuwachunguza tumbili na nyani, maana ubongo wao na wetu, kwa mambo ya kuona, ni ndugu wa damu. Mimi sikushangaa hata kidogo. Nimekua nikilinda mahindi ya baba dhidi ya tumbili, nawajua. Ukikaa kimya kama gogo tumbili anakupita, lakini chezesha kidole kimoja tu pembeni, hata kama hakuangalii, ameshaparamia mti. Na nyekundu wanaijua! Pilipili hoho ikiiva katikati ya majani mabichi, tumbili anaiona kutoka ng'ambo ya bonde, wakati mbwa wetu angeipita bila habari. Baba alitengeneza sanamu ya mtu, akaivika shati lake jekundu. Siku ya kwanza walikimbia. Siku ya tatu nilimkuta tumbili amekaa juu ya bega la sanamu anakula hindi letu. Ubongo wake ulishaamua kwamba kitu kile hakina maana, basi, akaacha kukiona. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa vidole. Sista Agnesi alikuwa na kipimo ambacho hakihitaji umeme wala mashine. Unakaa na mgonjwa uso kwa uso, magoti yanakaribiana. Anafunika jicho moja kwa kiganja, anatazama pua yako, haruhusiwi kuhama. Wewe unafumba jicho lako linaloelekeana na hilo alilofunika. Unanyoosha mikono pembeni, katikati yenu, kisha unachezesha vidole vya mkono mmoja: "Vipi, umeona?" Kulia. Kushoto. Juu. Chini. Mwisho unachezesha mikono yote miwili kwa pamoja, maana kuna watu wanaona kila upande ukiwa peke yake, lakini pande mbili zikija pamoja ubongo unachukua mmoja na kuutupa mwingine. Jicho la pili, vilevile. Dakika moja, mbili ukiwa na mgonjwa mbishi. Kwa macho yako na vidole vyako unakuwa umeuliza jambo ambalo chati haiulizi kamwe: huyu mtu dunia yake ina upana gani?

Nilikipenda kipimo hicho. Halafu Sista Agnesi akastaafu, nikawa mkubwa mimi, na tukaletewa mashine mpya ya kupimia miwani. Wanangu, mashine ile nilikuwa naifuta vumbi mwenyewe, simwachii mtu. Mgonjwa anaweka kidevu, unabonyeza, karatasi inatoka na tarakimu zake. Foleni ilikuwa inafika getini. Nikajiambia, vidole vya nini tena? Nikaviacha, pole pole, kama mtu anavyoacha kusali sala ya asubuhi.

Ndipo akaja Mzee Hamza.

Alikuwa seremala wa Kigombe, fundi wa milango ya kuchonga. Mtu mrefu, kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono, na maneno machache. Alisema wateja wameanza kulalamikia kazi yake, naye hajui kwa nini. Nikamkalisha mbele ya chati ya zile herufi zilizogeuzwa huku na huku, mgonjwa anaonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Nikamwambia asome mstari. Akaanzia katikati.

"Mzee, anzia mwanzo wa mstari."

"Si ndio mwanzo huu?"

Nikacheka! Mungu anisamehe, nilicheka, nikadhani mzee ana haraka zake. Nikachukua fimbo nikawa namgusia herufi moja moja. Kila niliyoigusa akaielekeza sawasawa, mpaka zile ndogo za chini kabisa, jicho la kulia na la kushoto. Nikamweka kwenye mashine, nayo ikasema anahitaji miwani ya kusomea tu, kama wazee wote. Nikamwandikia kwenye kadi: "Macho mazima. Anaona vizuri mbali. Miwani ya karibu." Nikatia sahihi yenye mkia. Akanishukuru, akainuka, na wakati wa kutoka bega lake la kushoto likajigonga kwenye fremu ya mlango, ndu! Nikasema, "Pole, mzee, mlango wetu mwembamba." Mlango ule ulikuwa unapitisha kitanda cha magurudumu.

Mnaona? Ishara tatu alinipa. Alianzia katikati ya mstari, akajigonga upande wa kushoto, na akaniambia kazi yake imeharibika. Na mimi fundi wa macho sikuona hata moja, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua ninachokitafuta. Nilikuwa kama tumbili na shati jekundu la baba.

Ikapita miezi mitatu na kidogo. Asubuhi moja akaingia mwanamke wa makamo, buibui na kanga begani, nyuma yake ndugu yake wa kiume, Mwalimu Bakari, anafundisha shule ya msingi hukohuko Kigombe. Mwanamke hakukaa kwenye benchi la foleni. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu, akatoa kadi kwenye pindo la kanga, akaiweka mbele yangu.

"Nimekuja kumwona aliyeandika hii."

Nikaiona sahihi yangu na mkia wake. "Ni mimi. Kuna nini, dada?"

"Mimi ni Zuhura, mke wa Hamza. Karatasi yako imeniacha."

Nilimwomba aeleze, akaeleza akiwa amesimama, hakutaka kiti. Mumewe alikuwa ameanza kulalamika kwamba anapewa wali mkavu. Kila siku anamwandalia sinia kama alivyomwandalia miaka yote ya ndoa, wali huku, samaki kule, bakuli la mchuzi pembeni. Anakula wali, anamaliza upande wake, kisha anauliza, "Kitoweo kiko wapi?" Samaki yuko pale pale, mzima, anamtolea macho. Mwanzoni Bi. Zuhura alidhani mume anamtania. Halafu akadhani anamdharau. Mume naye akaanza kusema samaki anapelekwa kwa Bakari. Akamsema mkewe barazani, kwa majirani, kwamba siku hizi nyumba yake ina mwizi. Mke akamwambia, "Hamza, huoni, nenda ukapime macho." Ndipo akaja kwangu. Na aliporudi Kigombe aliipeperusha kadi yangu mbele ya watu. "Hospitali wamesema macho yangu mazima! Basi kama mimi naona, na samaki simwoni, samaki hayupo. Nani mwongo?" Baada ya wiki mbili akampa talaka moja.

"Niko kwenye eda," akasema Bi. Zuhura. "Imamu ameniambia nikae nyumbani kwake mpaka iishe, nakaa chumba cha uani, na chakula bado nampikia mimi. Leo nimetoka kwa dharura. Zimebaki siku tisa. Zikiisha hajanirejea, natoka nyumba niliyoingia nikiwa mwari, na natoka nikiitwa mwizi wa samaki."

Nitawaambia nilichojibu, ingawa aibu bado inanichoma. Nilisema, "Dada, mambo ya ndoa siyajui. Lakini macho yake ni mazima, nilimpima mwenyewe."

Mwalimu Bakari akaguna. Bi. Zuhura hakupandisha sauti. Aliinamia meza yangu.

"Sawa. Kama ni mazima, njoo umtazame anavyokula."

Alipotoka ndipo nikasikia kile kikofi cha kisogoni, pap! Nilikaa na kadi ile mkononi. Wali huku, samaki kule. Kule ni wapi? Nikamkimbilia getini, kwenye jua lile la Tanga, navuta pumzi. "Dada Zuhura! Samaki unamweka upande gani wake?"

Akafikiri. "Kushoto. Siku zote kushoto."

Jumamosi nilikuwa Kigombe.

Kabla sijawafikisha ndani, chukueni karatasi, tufanye jambo moja, ili msije mkamcheka mzee wa watu. Chora msalaba mdogo kushoto na nukta nene kulia, upana wa kiganja katikati yao. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia tazama msalaba tu, usihame, kisha isogeze karatasi taratibu kuja usoni. Mahali fulani nukta itapotea. Haya, imepotea? Sasa niambie: umeona shimo? Umeona doa jeusi mahali ilipokuwa? Hukuona. Umeona karatasi nyeupe, safi. Kila jicho lina kipande kisichoona, pale mshipa unapotokea, na umeishi nacho tangu kuzaliwa bila kujua, kwa sababu ubongo hauachi shimo. Unaziba, na haukuambii kwamba umeziba.

Sasa kuza jambo hilo liwe nusu ya dunia. Jicho la kulia linaona kulia na kushoto, na jicho la kushoto vilevile. Mishipa ya macho ikikutana ndani ya kichwa inagawana kazi upya: habari zote za upande wa kushoto wa dunia, kutoka macho yote mawili, zinakwenda ubongo wa kulia, na za kulia zinakwenda ubongo wa kushoto. Ubongo wa kulia ukikosa damu hata kidogo, kushoto kote kunaweza kufutika, na macho yenyewe yakabaki salama salimini. Na mwenyewe haoni giza. Haoni kitu, na hajui kwamba haoni. Kwake dunia imekamilika, inaishia pale.

Nyumba yao ilikuwa karibu na msikiti. Karakana ilikuwa ubavuni, na mlango wa karakana ulikuwa wazi, basi nikachungulia. Palikuwa na ubao mkubwa wa mlango juu ya meza. Upande wa kulia ulikuwa umechongwa maua na vikonyo, kazi ya kukufanya uguse kwa kidole. Upande wa kushoto mbao tupu. Maua yalikoma katikati, mengine yakiwa nusu. Kama ningekwenda kuuona mlango ule siku ya kwanza nisingehitaji hata fimbo.

"Hodi hapa."

"Karibu," akajibu Mzee Hamza kutoka ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani? Aa, yule mama wa hospitali! Karibu, karibu. Umekuja kuwaambia tena macho yangu mazima?"

"Nimekuja kukutazama unavyokula, mzee."

Alicheka, akaniona wa ajabu, lakini mtu wa pwani hafukuzi mgeni. Nikakaa kitako pembeni, Bakari akakaa mlangoni. Bi. Zuhura akaleta sinia, akaliweka juu ya mkeka, akarudi nyuma ya pazia la chumba. Wali wa nazi, mchicha, na changu mkubwa wa kukaanga. Changu alikuwa kushoto, mchicha ubavuni mwake.

Mzee akasema bismillahi, akala. Alikula kwa adabu, matonge madogo, mbele yake. Wali ukaisha kuanzia kulia, ukafika katikati, ukakatika wima kana kwamba mtu amepitisha kisu. Akalamba vidole. Akanigeukia kwa uchungu wa kweli, si wa kuigiza.

"Umeona, mama? Wali mkavu. Mbele ya mgeni!"

Nyuma ya pazia nilimsikia mtu akivuta pumzi. Nililishika sinia kwa mikono miwili, nikalizungusha taratibu, nusu mzunguko.

Mzee akaruka kama aliyemwagiwa maji. "Ametoka wapi huyu?"

"Alikuwapo, mzee."

"Hakuwapo! Mnanifanyia kiinimacho! Bakari, wewe ndiye uliyemtia hapa!"

"Shemeji, mimi niko mlangoni," akasema Bakari.

Nikalizungusha tena, samaki akarudi kushoto. Mzee akatazama sinia, akalitazama tena. Nikamwambia, "Nipe mkono wako wa kulia, baba." Nikaushika, nikauweka ukingoni mwa sinia upande wake wa kulia, nikauongoza polepole kufuata ukingo. Ukapita mbele yake, ukavuka katikati, ukaenda mahali ambapo kwake hapakuwa mahali, na ncha za vidole vyake zikagusa samaki wa moto.

Aliuacha mkono pale pale. Niliona woga usoni mwake, woga wa mtu mzima, nami nikaogopa pamoja naye. Halafu shingo yake ikageuka, kidogo kidogo, ikifuata mkono wake mwenyewe, mpaka akamwona.

"Siku zote alikuwapo?" akauliza.

"Siku zote."

Nikakaa naye magoti kwa magoti, nikafanya nilichopaswa kufanya siku ile ya kwanza. Vidole vya kulia kwake: "Naona." Vidole vya kushoto kwake: kimya. Nikamfunika jicho lingine, vilevile. Nikauliza nilichopaswa kuuliza: je, iko siku aliamka vibaya? Bakari ndiye aliyekumbuka. Kabla ya yote hayo, asubuhi moja, mzee aliumwa kichwa sana na mkono wa kushoto ukawa mzito. Wakamsugua mafuta, wakasema ni upepo, na baada ya siku mbili mkono ukarudi. Mkono ulirudi. Kushoto hakukurudi.

Basi nikasema, kwa sauti ya kufika nyuma ya pazia. "Mzee Hamza, wewe si mwongo. Na mkeo si mwizi. Ubongo wako uliumia upande wa kulia, ukakunyang'anya upande wa kushoto, na haukukuambia. Aliyekosea ni mimi. Ile kadi ni kosa langu." Nikaitoa kadi, nikakata maneno yangu kwa kalamu, nikaandika juu yake: "Haoni upande wa kushoto, macho yote mawili. Apelekwe kwa daktari haraka. Mke hana kosa." Maneno ya mwisho hayaandikwi kwenye kadi ya hospitali. Niliyaandika.

Mzee alikuwa analia waziwazi, machozi yanashuka kwenye ndevu. "Zuhura," akaita. "Zuhura, nimekurejea. Mashahidi ni Bakari na huyu mama."

"Shemeji, ngoja kwanza," akasema Bakari. "Huyu mama ni Mkristo. Nimwite imamu, tusije tukafanya jambo nusu."

Imamu akaja, kiatu kimoja bado mkononi. Maneno yakasemwa upya mbele ya mashahidi wanaostahili. Mimi nikadhani shughuli imekwisha, nikaanza kukusanya mkoba wangu. Ndipo pazia likafunguka.

"Kurejewa nimerejewa," akasema Bi. Zuhura, macho makavu. "Sheria ni sheria. Lakini ulinitangaza mwizi kwa watu, Hamza. Nitangaze msafi kwa watu haohao. Nyumba kwa nyumba. La sivyo nitakaa hapa kama mgeni mpaka nife."

Imamu akataka kuingilia. Mzee akamwinulia mkono. "Ana haki," akasema.

Na alikwenda. Niliambiwa na Bakari, aliyemshika mkono njia nzima. Alipita kila baraza alikowahi kulisema jambo lile, akarudia maneno yaleyale: mke wangu hakuiba, mimi ndiye niliyepoteza nusu ya dunia. Wengine walimcheka, naye akaendelea na nyumba iliyofuata. Lakini kabla ya mabaraza, nilimpeleka kwa daktari mimi mwenyewe, Jumatatu asubuhi. Presha yake ilikuwa juu ya kutisha. Kama angekaa na kadi yangu miezi mingine, huenda kiharusi cha pili kingemchukua mzimamzima. Hili usilisahau, wewe wa shati la bluu: mtu akikuambia haoni na chati ikasema anaona, mwamini mtu, kisha mpime vidole, mpime presha, muulize kichwa.

Hatukumrudishia kushoto kwake. Sitawadanganya. Kidogo kilirudi chenyewe, kingi hakikurudi. Lakini ubongo unafundishika, hata wa mzee, ukiwa na mwalimu mkaidi. Nilimfundisha kugeuza kichwa kushoto kila mara mpaka ashike mwisho wa kitu. Na mwisho wa kitu tuliupaka rangi nyekundu, ile ile ya pilipili hoho na tumbili. Utepe mwekundu kwenye fremu ya mlango. Mstari mwekundu ubavuni mwa ubao wa kuchonga. Bi. Zuhura akashona kitambaa chekundu akakifunga ukingo wa kushoto wa sinia. "Hujakiona chekundu, hujamaliza kula." Mlango ule wa maua nusu aliumalizia. Ukiutazama kwa makini utaona maua ya kushoto yamepishana kidogo na ya kulia. Mteja alitaka kuukataa, alipoambiwa habari yake akauchukua kwa mikono miwili.

Jambo moja tulibishana. Ndugu walimshauri Bi. Zuhura awe anakaa kulia kwa mumewe, ili amwone bila taabu. Hata mimi, kwa huruma, nilitaka kuwaunga mkono. Akakataa katakata.

"Nitakaa kushoto," akasema. "Anitafute."

Na ndiye aliyekuwa sahihi kuliko sisi wote, maana upande usiotafutwa unazidi kufa.

Niliwatembelea mara ya mwisho wiki chache kabla ya kustaafu. Tangu siku ya changu sijawahi kumwachia mgonjwa aende bila vidole, hata foleni ikifika barabarani, hata mkubwa akinuna, na ndivyo nilivyopata jina. Nilifika uani kimya kimya. Mzee Hamza alikuwa amekaa kwenye mkeka, sinia mbele yake, kitambaa chekundu ukingoni. Bi. Zuhura alikuwa amekaa kushoto kwake, anachambua mchele, hasemi kitu. Mzee akasimamisha tonge njiani. Kichwa chake kikaanza kugeuka, taratibu, kikapita sinia, kikapita chekundu, kikaendelea.

"Upo?"

"Nipo."